Mlango Uliotazamana na Wakwe

Nikisikia neno "ushirikishwaji" siku hizi, kichwa huanza kuniuma. Si neno baya. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka nilipostaafu, na nimewafokea watoto wengi kwa kukataa kushirikiana. Lakini tangu zahanati ya kijiji chetu ilipojengewa chumba kipya cha kujifungulia, neno hilo limemwagwa hapa kama chumvi kwenye chungu cha mpishi asiyeonja, na mlango wa chumba chenyewe mpaka leo umetazama kule kule ulikotazama siku ya kwanza. Umetazama barazani kwa wazee.

Kijiji chetu kiko upande wa Mvumi, ukishavuka korongo. Kiangazi korongo ni mchanga mtupu na watoto wanachezea mpira humo. Masika likijaa, hata bodaboda mwenye kiburi husimama ng'ambo akasubiri. Kwa hiyo zahanati kwetu si pambo. Mama akipata shida ya uzazi na korongo limejaa, hospitali kubwa tunabaki kuitaja tu. Jengo la zamani la zahanati lina baraza refu lenye benchi la saruji, na kwenye benchi hilo, kila asubuhi ya Mungu, alikuwa anakaa kaka yangu.

Kaka yangu ni mwenyekiti wa kamati ya usimamizi ya zahanati. Amenizidi umri kiasi cha kutosha kunichapa tulipokuwa wadogo, na ni mrefu kiasi kwamba unamtambua akiwa bado katikati ya mashamba ya mtama. Ni mtu mwadilifu. Tangu achaguliwe hakuna boksi la dawa lililotoka kwa mlango wa nyuma, na hilo sitamnyima. Tatizo lake ni kwamba aliamini mwenyekiti lazima aonekane. Basi akaonekana. Alikuwa anafika na fimbo yake kabla nesi hajafungua, anakaa katikati ya benchi, na wazee wenzake wanamzunguka, wagonjwa kwa wazima. Mimi ni mjumbe wa kamati hiyo hiyo, nawakilisha wanawake, na nilimwambia mapema kwamba kusimamia zahanati si kulinda geti.

Akacheka. "Mdogo wangu," akasema, "wewe umestaafu kufundisha, hujastaafu kusahihisha."

Jengo jipya lilipokuja na mradi, mchoro wake ulikuja umeshachorwa. Likawekwa mkabala na lile la zamani, uwanja mdogo katikati, na mlango wake, ambao ni mmoja tu, ukaangalia moja kwa moja kwenye benchi la kaka yangu. Msomaji wa mjini ataniuliza, sasa ubaya uko wapi? Ndilo swali nililoulizwa na kila mtu mwenye kitambulisho kinachoning'inia shingoni, nami kila mara nilishindwa kulijibu, na kushindwa kwenyewe ndiko kulikonitia hasira.

Ubaya ni wakwe. Kwetu, katika koo zetu za Kigogo za upande huu, baba mkwe na mkamwana, mke wa mwanawe, wanaepukana. Akimwona anakuja njiani, mkamwana anaacha njia. Baba mkwe naye anakohoa kabla hajaingia uani, na nyumba ya mkamwana wake haikanyagi. Hawatazamani usoni. Mimba ya mkamwana haitajwi mbele ya baba mkwe hata kwa mafumbo. Kaka yangu ana wajukuu wa kujaza darasa, na karibu wote alijua wamezaliwa kwa kumwona mke wake akibeba uji wa uwele kwenda nyumba ya kijana. Watu wakisikia hivi hudhani ni ukali. Si ukali. Ni heshima, na pia ni nafasi ya mkamwana kupumua: kuna mahali baba mkwe hafiki, na hapo yeye ni mtu mzima katika mji wake. Sasa mwambie mwanamke aliyeshikwa na uchungu, anayeinama na kuguna na kushika ukuta, apite mbele ya baba mkwe wake. Afadhali ajifungulie shambani. Na kwa kuwa kijiji chetu tumeoana wenyewe kwa wenyewe, benchi la wazee ni benchi la wakwe. Mzee huyu asipokuwa mkwe wako, wa pembeni yake ni mkwe wako.

Basi kliniki ya watoto ikajaa, wa chanjo wakaja, wenye malaria wakaja, na vitanda vya kujifungulia vikakaa na plastiki zake. Nesi wetu, binti mchapakazi kutoka Busi huko Kondoa, alikuwa anapita akivifuta vumbi na kulalamika. "Mwalimu, akina mama wa hapa wana nini? Kwetu hata mvua inyeshe wanakuja." Nilimweleza. Akaelewa. Akaniambia yeye ni mwajiriwa tu, hana mamlaka ya kumwondoa mwenyekiti wake kwenye benchi, na alikuwa na haki.

Ningeweza kuendelea kulalamika taratibu kama wengine, lakini alasiri moja mkamwana wa kaka yangu, mke wa kijana wake wa mwisho, alinikuta nyumbani kwangu nikimenya karanga. Ni msichana wa maneno machache, ukimtania anaficha uso kwa kanga. Mtoto wake wa kwanza alimzaa kwao, juu ya ngozi ya ng'ombe, na baada ya mtoto kutoka damu ilikataa kukoma. Walimpakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, wakavuka korongo, ambalo kwa rehema za Mungu lilikuwa kavu. Hospitalini walimrudisha kutoka mbali sana. Walipomruhusu aende nyumbani walimwambia mtoto mwingine asithubutu kumzalia nyumbani, azalie mahali penye mtaalamu na sindano ya kuzuia damu. Sasa alikuwa na mimba nyingine, na masika yalikuwa yanakaribia.

Alikaa chini, akaanza kumenya karanga pamoja nami. Baadaye ndipo aliposema, "Shangazi, mimi sitaki kufa. Nataka kwenda pale zahanati. Lakini nitapitaje mbele ya baba?"

"Niachie mimi," nikamwambia. Nilisema kama mwalimu mkuu anayeahidi chaki.

Nilianza na kaka. Kumtajia mimba ya mkamwana wake nisingeweza, ingekuwa kumvua nguo yeye na mimi pia. Nikazunguka. Nikamwambia kuna wanawake wanaona haya kupita pale. Akaniuliza wake za nani. Nikasema wa watu. Akasema watu hao wawaeleze wake zao wapitie upande wa mlingoti wa bendera, ambao uko hatua chache kutoka goti lake. "Na mimi nikiondoka hapa," akaongeza, "dawa zikianza kutembea utajibu wewe?" Nilirudi nyumbani nikaupika mlenda mpaka ukaungua.

Nikapeleka suala kwenye kamati. Hapo panahitaji maelezo mengine, maana katibu wetu amemwoa binti yangu. Mama mkwe na mkwe wa kiume ndio kabisa, huepukana zaidi. Sili mbele yake, yeye hapiti nilipokaa, na mkono wake sijawahi kuushika. Katika kamati tunaishi vizuri kwa sababu utaratibu wa vikao unatubeba: kila neno linapita kwa mwenyekiti. "Kupitia kwako mwenyekiti, mjumbe aombwe kuongeza sauti." "Kupitia kwako mwenyekiti, katibu aandike alichosikia." Wageni hutusifu kwa nidhamu. Hawajui kwamba ukimwondoa mwenyekiti katikati, sisi wawili tutakuwa mabubu. Sasa niambie, nitaelezaje uchungu wa uzazi, na chupa kupasuka, na mwanamke kuinama, katikati ya kikao ambacho mkwe wangu ndiye anaandika? Nilisema mlango una kasoro. Akaandika, ameinamisha kichwa: mlango una kasoro. Kikao kikaagiza bawaba zipakwe mafuta.

Kisha tukaitwa semina mjini Dodoma. Kaka, nesi na mimi. Ukumbi wa hoteli, viti vimevishwa vitambaa, chai na sambusa. Kijana wa mradi, mpole, mwenye shikamoo zake zote mahali pake, alisimama akatufundisha kuhusu huduma za afya zinazoheshimu utamaduni. Alisema mgonjwa asione haya kuingia. Alisema jamii si mpokeaji, ni mbia, na maamuzi yaanzie kwake. Kila alichosema kilikuwa kweli, na kadiri kilivyokuwa kweli ndivyo nilivyozidi kuudhika, kwa sababu nyuma yake ukutani alikuwa ametuwekea picha ya lile jengo letu, na mlango ule ukinitazama.

Tulipewa vikaratasi vya rangi tuandike vikwazo. Nesi akaandika upungufu wa vifaa. Kaka yangu akaandika "Barabara", maana kaka yangu hata umwulize kuhusu ndoa atajibu barabara. Mimi nikaandika "Mlango". Kijana akakishika kikaratasi changu, akakigeuza.

"Mlango gani, mama?"

"Wa chumba cha kujifungulia."

"Umeharibika?"

Kaka yangu alikuwa pembeni yangu. "Haujaharibika," nikasema.

"Sawa mama, pointi nzuri sana. Hii tunaiweka kwenye miundombinu." Akakibandika chini ya "Barabara" ya kaka yangu, watu wakapiga makofi ya kilo, moja, mbili, tatu.

Walipokuja kijijini kutushirikisha rasmi ndipo nilipotaka kupasuka. Mkutano wa hadhara. Wazee kwenye viti mbele, wanawake chini nyuma, kaka yangu na mkwe wangu kwenye meza. Yule kijana akachukua kipaza sauti, akauliza kwa moyo mweupe kabisa, "Akina mama, kuweni huru. Kuna mila gani inayowafanya msije kujifungulia hapa? Msione haya."

Nataka mlielewe swali hilo. Mwanamke aliulizwa asimame, mbele ya baba mkwe wake, kwa kipaza sauti, aseme kwamba anaona haya mbele ya baba mkwe wake. Ni sawa na kumwomba mtu aliyejificha chooni afungue mlango kidogo aeleze kwa nini amejifungia. Mbuzi tu ndio waliosikika. Mwishoni bibi mmoja akainuka akasema, "Tunashukuru kwa jengo. Mungu awazidishie." Vigelegele. Kijana akaandika. Nilijua anaandika kwamba jamii imeridhika.

Nikasimama. "Mlango ugeuzwe," nikasema. "Uwe upande wa nyuma, unaotazama mashamba."

"Kwa nini, mama?"

Mkwe wangu alikuwa ameshika kalamu, macho kwenye meza, shingo imekakamaa, akisubiri niliyokuwa nataka kuyasema. Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Nimewahi kusimama mbele ya wakaguzi wa shule nikawajibu hata wakasahau walichouliza.

"Kwa sababu ya upepo," nikasema.

Watu wakacheka. Dodoma kuna upepo, kweli, lakini hakuna aliyewahi kuuhamishia mlango. Baada ya muda mradi ulituletea miche ya miti ya kuzuia upepo. Tuliipanda kwa sherehe, na mbuzi wakaila.

Nilikwenda kwa mtendaji wa kijiji. Akataka jina la mlalamikaji. Nilisema siwezi kulitaja. Akasema bila mlalamikaji hakuna lalamiko. Nilipiga simu wilayani, nikaelezwa kwa adabu kwamba mchoro ni mmoja na kuubadilisha kunahitaji kibali cha walioutoa, ambao nao wanasubiri maombi kutoka kwa kamati, ambayo mwenyekiti wake haoni tatizo kwa sababu yeye ndiye tatizo. Nilikata simu. Nilitembea mpaka korongoni na kurudi nikijisemea peke yangu, na waliokutana na mimi wakadhani nasali.

Jengo lilikuwa limeshafunguliwa bila sherehe; siku ya makabidhiano rasmi ilipangwa, ikaahirishwa, ikapangwa tena. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na korongo lilikuwa na maji ya magoti. Maturubai yakafungwa uwanjani. Viti vya wazee vikapangwa mbele ya lile baraza la zamani, vinatazama jengo jipya. Meza ya mgeni rasmi ikawekwa pembeni ya mlango, na mlangoni pakafungwa utepe mwekundu. Na asubuhi hiyo hiyo, kwa kuwa watoto hawasomi ratiba, mkamwana wetu akashikwa na uchungu.

Mke wa kaka alinitumia ujumbe. Tulimleta sisi wawili kwa njia ya mashambani, tukatokea nyuma ya jengo. Pale kuna ukuta na dirisha la juu lenye nondo, basi. Upande wa pili tulisikia ngoma, kisha mshereheshaji, kisha sauti ya mgeni rasmi, ambaye alikuwa amechelewa mpaka wali ukapoa. Mkamwana akachungulia kwenye kona ya jengo. Akaona viti, wazee, na katikati, kwenye kiti chenye mikono, kofia ya baba mkwe wake. Akarudi, akakaa kwenye lundo la mchanga uliobaki kwenye ujenzi, akajifunika uso.

"Nirudisheni nyumbani," akasema.

Nesi alizunguka akaja mbio. Alimgusa, akamwangalia, akaniangalia mimi. Chupa ilikuwa imeshapasuka. Chumba cha zamani kilishageuzwa stoo, vifaa vyote vilikuwa ndani ya kile kipya. "Mdogo wangu, inuka twende," akambembeleza. "Mficha uchi hazai, wewe unajua."

Msemo huo ni wa kweli kabisa, na aliyeutunga hakuwa amewekewa baba mkwe mlangoni. Msichana akatikisa kichwa. Tukataka kumzungushia kanga. Akasema kanga zikitembea zenyewe mbele ya watu wote ndiyo watajua. Uchungu ukambana tena, akauma pindo la nguo asitoe sauti. Nilimwangalia anavyojizuia kulia ili mzee wa watu asisikie, na mkokoteni ule wa ng'ombe ukanijia, na maji ya korongoni. Nilishikwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo hata kwa mwizi. Hasira ya mchoro, ya semina, ya vikaratasi, ya upepo wangu mwenyewe.

Nikatoka kwenye kona, nikapita mbele ya meza ya mgeni rasmi bila kuinama. Alikuwa anasema juu ya ubia. Nikaenda moja kwa moja kwa kaka yangu, nikamwinamia sikioni, nikamwambia kwa Kigogo jambo ambalo katika maisha yangu yote sijawahi kumsikia mtu akimwambia mwenzake.

"Mke wa mwanao yuko nyuma ya nyumba hii, anazaa. Hawezi kuingia kwa sababu yako."

Alishtuka kama mtu niliyemmwagia maji. Hakunitazama. Alitazama mlango, ule utepe, kisha akageuka nusu akalitazama benchi lake la saruji nyuma yake, kisha mlango tena. Sidhani kama alikuwa ameshawahi kuupima ule umbali.

"Ninayefuata kuzungumza ni mimi," akanong'ona.

"Basi zungumza. Ukimaliza uje tuzike."

Kaka yangu akasimama. Mgeni rasmi alidhani ni makofi yanakuja, akatabasamu. Kaka alimfikia, akakiomba kipaza sauti kwa mkono, na kwa urefu ule wake mgeni akampa. "Samahani mheshimiwa," akasema. Halafu akawageukia wazee.

"Wazee wangu. Simameni. Geuzeni viti, mtazame ukuta wa nyuma yenu."

Na hapa ndipo ningependa wale wa semina wangekuwa na macho, maana hakuna mzee hata mmoja aliyeuliza kwa nini. Walisimama, wakainua viti, wakageuka. Vijana waliosimama pembeni wakageuka. Mkwe wangu pale mezani akageuka na daftari lake. Kufumba na kufumbua, mgeni rasmi alikuwa anahutubia migongo. Yule kijana wa mradi akanijia, uso umempauka. "Mama, wamekasirika? Tumekosea wapi?" Sikuwa na muda wake.

Tulimpitisha. Alitembea akiwa ameinama, mkono mmoja begani kwangu, mwingine kwa mama mkwe wake, na hakuna kichwa kilichogeuka. Mlangoni tukakutana na utepe. Nilikuwa nimeusahau kabisa. Mkasi ulikuwa kwenye sinia lililofunikwa kitambaa, huko mezani. Nikaushika kwa mikono yangu miwili, nikauvuta, ukakatika.

Mtoto alizaliwa muda mfupi baadaye, wa kike, na sauti yake ikapita dirishani mpaka chini ya maturubai. Damu ilianza tena, kama walivyotuonya. Nesi alikuwa na sindano yake tayari. Nilisimama nikimshika msichana kichwa na kuangalia midomo yake, mpaka nesi alipopumua akasema, "Imekoma." Mke wa kaka akaketi sakafuni, akalia. Mimi nilitamani kwenda kumpiga mtu.

Badala yake nilimkuta mshereheshaji mlangoni anafunga utepe upya kwa fundo, ili mgeni rasmi aje aukate. Aliukata. Akaombwa asifungue mlango. Wakapiga picha, nyuma yao wazee wote wametazama upande mwingine, na nilikuja kuambiwa kwamba picha hiyo ilikataliwa kwenye taarifa kwa sababu inaonyesha jamii isiyo na mwitikio.

Na kaka hatujawahi kulizungumza. Hatutalizungumza. Wiki iliyofuata alikuja na nyundo, akalivunja lile benchi mwenyewe, akamwita fundi akalijenga nyuma ya jengo la zamani, likitazama njia ya ng'ombe. Huko ndiko anakosimamia siku hizi. Tulipeleka ombi la mlango, safari hii limesainiwa na mwenyekiti. Tumejibiwa kwamba linafanyiwa kazi. Mkaguzi aliyepita alituuliza kwa nini tumeweka benchi mahali ambapo halipo kwenye mchoro, na kwa nini wazee wetu wanakaa wameipa zahanati mgongo. Akina mama wameanza kuja, si wote. Siku ya mnada wa ng'ombe, uwanja ukijaa wanaume, wengine bado wanapita kando wakarudi nyumbani.

Mwaka huu tuliitwa tena semina Dodoma, ukumbi ule ule, sambusa zile zile. Mwezeshaji alikuwa mpya, binti. Safari hii katibu naye aliitwa, akakaa mwisho wa safu, kaka yangu katikati yetu kama ipasavyo. Vikaratasi vikagawiwa. Kaka alivaa miwani, akaandika polepole kwa herufi kubwa, akakitoa.

"Mlango," binti akasoma. "Mlango gani, mzee wangu?"

Kaka yangu akafungua mdomo. Mimi nilikuwa upande huu, mkwe wangu upande ule, na yeye mwenyewe alikuwa na mjukuu ambaye hakupaswa kujua alivyozaliwa. Akafunga mdomo. Binti akangoja, akatabasamu, akamshukuru, akakibandika kikaratasi chini ya "Barabara".

Kaka akainuka na fimbo yake. Akaenda mpaka ukutani, akakibandua, akakipeleka mwisho kabisa wa ukuta, mahali pasipo na karatasi yoyote, akakigandamiza kwa kiganja.

"Huu ukae peke yake," akasema.

"Sawa mzee, lakini tueleze kidogo ni mlango gani, ili tuelewe."

Akarudi alipokuwa amekaa. Akakishika kiti chake, akakigeuza, akaketi ameupa ukuta mgongo. Nami nikakigeuza changu. Na mkwe wangu, bila kunitazama, akasimama akakigeuza chake.